Salamu Zilizompita Baba Yangu

Mwanangu, wewe ninayekuhesabu rafiki wa kukaa naye jikoni, si wa kusalimiana njiani tu, vuta kiti usogee. Leo sina haraka. Hapa Observatory, mtaa wetu wa Johannesburg, imefika zamu yetu ya kukatiwa umeme, simu za wanangu zimekwisha chaji, wamezunguka mshumaa kama watu waliofiwa. Mdogo wao ameniuliza kwa Kiingereza chake: Mama, kwenu jioni mlikuwa mnafanya nini? Nikamjibu kwa Kiswahili, maana ndiyo sheria ya nyumba hii, kwamba sisi tulikuwa na redio. Akacheka sana. Redio!

Basi nikakumbuka jioni moja ambayo nusura nikose mume kwa ajili ya hiyo redio, nikaona si vizuri kumsimulia yeye peke yake. Ndani yake kuna jambo ambalo ninyi vijana wa Joburg mnalihitaji kuliko sisi tulivyolihitaji. Mimi nimesoma shule ya jioni, baada ya kushona nguo siku nzima, kwa hiyo maneno yangu yakipinda, nivumilie.

Kwetu ni Kalemie, mashariki ya Kongo. Nilikuwa binti wa miaka kumi na saba hivi wakati mji wetu ulipopata kituo chake cha kwanza cha redio. Kabla ya hapo tulikuwa tunanasa redio za mbali, sauti inakuja na kuondoka kama mtu anayeongea huku anatafuna. Hii ilikuwa yetu. Iliwashwa pale misheni jua likizama, na ilizimwa mapema, kwa sababu mafuta ya jenereta hayakutosha. Msemaji wake tulimjua. Asubuhi unamkuta sokoni anachagua mihogo, anaambiwa na wamama asiishike-shike kama hanunui, halafu jioni mtu huyohuyo anaongea kutoka kwenye kisanduku na avenue nzima, yaani mtaa mzima, inanyamaza!

Kwenye avenue yetu kisanduku kilikuwa kimoja tu, na mwenyewe alikuwa baba yangu. Papa Yosefu alikuwa fundi wa nguo. Redio yake aliifunika kitambaa ambacho Mama alikitarizi maua, na hakuna mkono mwingine uliogusa vile vifungo. Betri tuliziita mawe ya redio. Mawe yakianza kuchoka, mchana Baba aliyaanika juu ya bati yapate joto, na ole wako uyaangushe. Jioni alitoa meza nje, akaweka redio, akafunua kitambaa polepole kama padri anayeandaa altare, na watu wakaanza kuingia. Wazee walikuja na viti vyao. Wamama walikaa karibu na mbabula, yaani jiko la makaa, wakimenya karanga. Watoto walikaa mbele kwenye mkeka.

Tulisikiliza kwaya, habari, na mchezo wa kuigiza. Mchezo ulichezwa palepale moja kwa moja, bila kurekodiwa. Siku moja yule aliyeigiza mfalme alipaliwa na mate, akakohoa, na watu wote uwanjani kwetu wakamwambia "pole, Papa" kana kwamba anatusikia. Usicheke. Wewe mbona unamwandikia mtu "pole" kwenye simu na hajui hata kama upo?

Lakini kitu kilichosubiriwa kuliko vyote kilikuwa salamu, mwishoni kabisa. Mtu aliandika karatasi, akaipeleka misheni, msemaji akaisoma. Na kulikuwa na desturi: aliyesalimiwa kwa redio lazima awape kitu wale waliosikiliza pamoja naye. Karanga, chai, mahindi ya kuchoma, chochote. Jina lako likitajwa, watu wanapiga vigelegele, halafu wanakugeukia na kukutazama mikono. Mama Vumilia, jirani yetu, mwanawe alimsalimu kutoka kazini kwenye reli, na maskini yule mama akapika uji wa avenue nzima huku analia kwa furaha na kulalamika kwamba sukari imekwisha.

Sasa nikwambie kuhusu Daudi. Alikuwa anaimba sauti ya chini kwenye kwaya yetu, na mchana alifanya kazi ya kuranda mbao kwa seremala mmoja. Kijana mpole, masikio makubwa kidogo. (Bado anayo, ananisomea begani saa hii na amekasirika.) Tulikuwa tumepatana kwamba atanioa. Kwetu mambo haya yalikuwa na njia yake. Kijana hajitaji kabla wakubwa wake hawajafika. Wajomba na baba zake wakubwa wanakuja kwa baba wa binti na jogoo, wanabisha, wanakaa, wanasema kilichowaleta. Baba anamwita binti, anamuuliza mbele yao: unawajua watu hawa? Binti akisema ndiyo, baba anapokea jogoo. Kabla ya hapo, majina ya kijana na binti hayatajwi pamoja mahali pa watu, hata kwa utani.

Baba mkubwa wa Daudi, ambaye ndiye angetuletea huo ujumbe, alikuwa anafanya kazi kwenye treni. Leo yuko safarini, kesho amerudi mgonjwa, kesho kutwa ameitwa tena. Miezi ikapita. Daudi akaona mimi naweza kufikiri amebadilika. Akaona pia kwamba Baba, kama amekwisha kusikia fununu, anaweza kumwona kijana asiye na adabu, anayezungusha mtoto wa watu kwa maneno. Akatafuta namna ya kututuliza wote. Na kwa masikio yake yote yale, hakuna aliyemnong'oneza asifanye alichokifanya.

Jioni hiyo uwanja ulijaa. Salamu zikaanza. Huyu anamsalimu shangazi, yule anamsalimu mwalimu. Halafu msemaji akasoma, kwa sauti yake ile ya Jumapili: "Daudi wa kwaya anamsalimu mchumba wake Esteri, binti ya Papa Yosefu fundi wa nguo. Anawasalimu pia kwa heshima kubwa baba mkwe na mama mkwe, anasema wasiwe na mashaka, yuko pamoja nao."

Mama Vumilia alipiga nusu ya kigelegele, akakikata. Watoto walipiga makofi, maana wao walijua tu kwamba wamesikia jina la nyumba hii na kuna kitu cha kula kitatoka. Mimi nilikuwa nimeshika ungo wa karanga, na nakwambia, vidole vyangu vilisahau kazi yake. Watu wazima wote walimtazama Baba.

Baba alinyoosha mkono akazima redio. Hakuwahi kuizima kabla ya wimbo wa mwisho, hata siku mvua ilipotukuta. Akairudishia kitambaa chake.

"Asanteni kwa kuja," akasema. "Mwende salama."

Mama Vumilia, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, akasema akiwa anakunja kanga yake: "Eh, Papa fundi! Na karanga za mkwe tutakula lini?"

"Muulize mkwe," Baba akasema. "Wewe umemfahamu pamoja na mimi, saa ileile."

Walipokwisha kuondoka aliniita. Hakupaza sauti, na hilo liliniogopesha zaidi.

"Huyu Daudi ni nani?"

"Ni wa kwaya, Papa."

"Amekuja hapa lini?"

"Hajakuja."

"Wakubwa wake?"

"Hawajakuja, Papa. Baba yake mkubwa yuko kwenye..."

"Basi mimi nimepewa habari ya mtoto wangu kwenye mkeka, pamoja na watoto wa majirani. Sawa. Kesho nitajua pamoja na nani kwamba umezaa?"

Akaingia ndani. Redio akaiweka juu ya kabati, na kesho yake jioni hakuitoa, na siku zilizofuata hakuitoa. Watu walikuja na viti vyao, wakakuta uwanja mtupu, wakarudi navyo. Wewe unayeishi na simu yako mfukoni huwezi kujua hasira ya avenue iliyonyang'anywa mchezo wake katikati, mfalme bado yuko gerezani na hujui kama atatoka. Sokoni wamama walinitania: "Esteri, mwambie mume wako wa hewani aje atuimbie yeye basi." Nilitamani ardhi inifiche.

Daudi aliposikia, akafanya kosa la pili. Alikuja mwenyewe, peke yake, mchana, kofia mkononi, kuomba msamaha. Baba alikuwa kwenye cherehani. Hakuacha kukanyaga.

"Papa, nimekuja kuomba..."

Cherehani ikaongeza mwendo.

"Papa, mimi ni yule..."

"Mama Esteri!" Baba akaita. "Kuna kijana amepotea njia hapa. Mwonyeshe barabara, ni ile."

Mama alitoka, akamwonyesha barabara kweli, na Daudi akaifuata. Siku hiyo Baba alisema mbele ya Mama kwamba kuna mtu wa Moba, mjane, mtu wa heshima, ambaye ndugu zake walishauliza habari zangu kwa kufuata utaratibu, na kwamba yeye sasa anaona vizuri kuwajibu. Nilisikia nikiwa nyuma ya pazia. Mwanangu, nilihisi baridi kwenye joto lile la Kalemie.

Aliyesimama katikati alikuwa Koko, mama yake Baba. Alikuwa mtu wa maneno machache, mguu mmoja ulimsumbua, na redio hakuipenda kabisa; alisema inaongea bila kukutazama. Alinikuta nalia jikoni, akajishusha kwenye kigoda.

"Unalilia nini? Redio?"

"Hapana, Koko. Daudi."

"Unamtaka?"

Nikageukia kuni, nikazisukuma motoni. Kwetu binti hasemi hivyo waziwazi.

"Nimekuuliza wewe, sijauliza ukuta."

"Namtaka, Koko."

"Baba yako amekusikia ukisema hivyo?"

"Nitasemaje, Koko? Amekasirika."

Akaniambia maneno ambayo ninayabeba mpaka leo hapa mahali ambapo yeye hakujua hata kama papo. "Esteri, kila mtu katika jambo hili ameongea na mtu asiye wake. Kijana ameongea na mji. Baba yako ameongea na cherehani. Wewe unaongea na moshi wa kuni zangu. Nyumba hii ina watu wangapi wenye masikio? Inuka, nenda kwa baba yako, umwambie kwa mdomo wako kile ulichoniambia mimi. Akikupiga, nitampiga, mimi ndiye niliyemzaa."

Nilikwenda. Baba alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Nikapiga magoti nikasema, sauti yangu ndogo kama ya kifaranga: "Papa, mimi namtaka Daudi. Hakutaka kukudharau. Alikuita baba mkwe kwa sababu alifikiri anakuheshimu. Alikosa njia. Lakini kama unanipeleka Moba, nitakwenda, ila nilitaka ulisikie kwangu."

Akaendelea kutia uzi. Koko aliingia nyuma yangu, anavuta mguu wake.

"Weye Yosefu," akasema, "umekasirika kwa sababu jina lako limetajwa, ama kwa sababu hukuulizwa?"

"Sikuulizwa, Mama."

"Basi na huyu mtoto umemuuliza, kabla ya kumjibu mtu wa Moba?"

Baba aliiweka sindano chini. Sijawahi kumwona amekaa bila kitu mkononi kama siku ile. Mwisho akasema, akiangalia mlango na si mimi: "Yule kijana ana wakubwa, au aliokotwa kwenye mbao? Kama wapo, waje. Waje na miguu."

Wakaja. Baba mkubwa wa Daudi alishuka kwenye treni, hata hakubadilisha nguo, koti lina masizi, akaja na shemeji yake na majogoo wawili. Wakabisha. Wakakalishwa. Akasema: "Ndugu yetu, jogoo huyu mmoja ni wa mlango. Huyu wa pili ni wa redio. Mtoto wetu ameimba kabla ya kufundishwa wimbo."

Baba akaniita. "Esteri, unawajua watu hawa?"

"Ndiyo, Papa. Nawajua."

Akampokea jogoo wa kwanza. Wa pili akamsukuma nyuma.

"Huyu si wangu," akasema. "Mimi mmenijia, yamekwisha. Huyu ni wa wale waliokuwa kwenye mkeka. Wao pia mliwasalimu, na hawajala."

Jioni hiyo Mama alimpika yule jogoo kwa mchuzi mwingi ili atoshe watu, na Baba akatoa meza nje. Mama Vumilia alikuja wa kwanza, na sufuria yake kubwa kuliko jogoo mwenyewe. "Mimi nilijua," akawa anasema, "mimi tangu jioni ile nilijua!" Mfalme wa mchezo alikuwa ameshatoka gerezani bila sisi, na mpaka leo hatujui alitokaje. Salamu zilipofika, hakuna aliyetutaja, na sikuwahi kufurahi hivyo kutosikia jina langu.

Sasa, mwanangu, utasema hayo ni ya zamani. Ngoja.

Mwaka juzi nilikuwa mjini, kwenye foleni ya teksi, nimebeba vitambaa nilivyotoka kununua. Nikafungua simu nione kama Daudi amemaliza zamu yake ya ulinzi. Nikaona kwenye status ya mtoto wa ndugu yangu picha ya Baba, amevaa koti lake la harusi, na mshumaa, na maneno: pumzika kwa amani Koko wetu, maana kwetu babu naye ni Koko. Watu walikuwa wameshaweka mioyo na mikono ya kuomba. Hakuna aliyenipigia. Mama mmoja wa Kizulu nyuma yangu aliona vitambaa vinaanguka, akanishika kiuno, akaniuliza "Mama, kwenzenjani?", yaani kuna nini, nami nikamwonyesha simu. Ndivyo nilivyoambiwa kwamba baba yangu amekufa: kwenye foleni, pamoja na watu ambao hata hawakumjua.

Yule mtoto ni mtoto mzuri. Alinililia kwenye simu, akasema, "Shangazi, nilitaka kumpa heshima." Na nilimwamini, kwa sababu niliwahi kumsikia mwingine akitoa heshima kwa njia hiyohiyo, na huyo nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hii. Nilimwambia kwamba kule kwetu, yule msemaji wa misheni alikuwa hasomi tangazo la kifo kabla hajamuuliza aliyelileta: wajomba wamekwisha kuambiwa? Ndugu wa mbali wametumiwa mtu? Kama bado, karatasi ilikaa kwenye meza yake, hata kama marehemu alikuwa mkubwa wa mji. Leo kila mmoja wetu ana kituo chake cha redio mkononi, na hakuna anayemuuliza kitu mlangoni.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, naisema waziwazi usije ukaitafuta. Ukiwa na neno kubwa, la uchumba, la mimba, la kazi, la msiba, usilitoe nje kabla hujakaa kimya kidogo ukajiuliza: ni nani ana haki ya kulisikia kwangu kwanza? Mtafute huyo. Kama yuko chumba cha pili, nenda na miguu. Kama yuko Lubumbashi au Tanga au Bujumbura, mpigie, asikie unavyopumua. Kama ni mkali, mwendee hivyohivyo. Hasira ya mtu uliyemwambia mwenyewe inapoa. Lakini mtu aliyeachwa asikie pamoja na umati, hata ukimpa heshima ya namna gani, atabaki anajiuliza yeye kwako ni nani. Na wewe mzazi unayesoma hapa, usijifanye hujaguswa: mtoto akija na neno lake, acha cherehani.

Mungu aliyewaongoza watu wake usiku na mchana akuongoze na wewe katika mji huu wa mageti na nyaya za umeme. Akupe mdomo wa kusema na masikio ya kusubiri. Akupe watu wanaobisha kwako kabla ya kuingia, na akupe mlango ambao hawaogopi kuubisha. Misiba yako ikifika, maana itafika, ikufikie mkono wa mtu wako ukiwa begani mwako. Amina.

Na haya niliyokuandikia usiyaweke kwako tu. Mpe mwingine, kijana mwenzako, mama wa kanisani kwenu, yule kaka wa dukani Soweto asiyepata muda wa kwenda kwao. Unaweza kuyatuma, sitakukataza. Lakini kwa yule mmoja unayemjua yanamhusu hasa, nakuomba usimtumie. Nenda ukae karibu naye, umsimulie.